Ukishuka Mbezi, Zitoe Masikioni

Tanangozi, Iringa
Jumapili jioni

Mwanangu,

Kamwene. Huku hatujambo. Baridi imeanza kubana, ukungu hauondoki bondeni mpaka saa nne asubuhi, na shangazi yako yupo hapa tangu Alhamisi na mguu wake ule ule. Anakusalimia, na anauliza kwa nini hukumpigia simu Pasaka. Nimemwambia ulikuwa na kazi. Mpigie.

Ujumbe wako kuhusu Nairobi tumeupata. Mama yako ameusoma kwa sauti mara mbili, kisha akaenda nao kwa mama mchungaji ukasomwe na huko. Nimefurahi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili usije ukasema baba hakufurahi. Kutunga muziki wa magemu ya simu, mkataba wa miezi 6, mshahara unapita benki. Mimi mshahara wangu wa kwanza nilihesabiwa mkononi juu ya rundo la mbao. Kwa hiyo nimefurahi, na nimeshawaambia watu, hata wale waliokuwa wakisema umepotelea kwenye vibanda vya gemu.

Lakini siku hiyo hiyo ya ujumbe wako, jioni, yule kijana wa vocha amegongwa na lori hapa barabara kuu. Hajafa. Amevunjika paja na mbavu mbili, wamempeleka mjini. Dereva alipiga honi tangu juu kwenye kona. Watu wote wa gengeni waliisikia, hata mimi niliisikia. Yeye hakuisikia, kwa sababu alikuwa na hedifoni masikioni. Zilikutwa mtaroni pamoja na simu yake. Mama mmoja muuza nyanya aliziinua kwa waya, akazishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika mjusi mkiani, na bado zilikuwa zinaimba. Yule mtoto amelazwa kwenye khanga pembeni ya lami, watu wanatafuta gari, na wimbo wake unaendelea kwenye mkono wa yule mama mpaka mtu mmoja akaizima simu.

Tangu jioni ile sijalala usingizi wa kueleweka. Mwanangu, ukiwa barabarani toa hizo hedifoni.

Najua utasema zako hazina waya na zina kitu cha kupitisha sauti za nje. Ulinieleza Krismasi nikakuelewa. Mimi nakuomba uzitoe, uziweke mfukoni, uvuke, ufike, kisha uzirudishe kama ni lazima. Nairobi ni mji wa magari na pikipiki nyingi, na ni mji usiokujua. Hapa ukivuka bila kuangalia kuna mtu atakuita kwa jina lako. Kule nani atakuita?

Unajua ninavyompenda Mbaraka Mwinshehe. Sijawahi kusikia mtu mwingine akilifanya gitaa liseme Kiswahili namna ile, na hapo usibishane nami, tumeshabishana vya kutosha. Mtu wa Morogoro yule. Alikwenda Kenya kikazi, akafa huko kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa hajafika hata miaka 40. Nilikuwa bado shule ya msingi. Habari ile tuliipata kwa redio ya baba mkubwa, na baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alitoka nje akaenda kupasua kuni zisizohitajika. Sisemi yako yatakuwa yale. Nasema tu kwamba muziki, Kenya na barabara vikikaa pamoja kichwani mwangu, hapakaliki.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Hili nilikusudia nisiliandike. Zile simu zako za Jumapili, ninaposema mtandao unakata ngoja nikupe mama yako, mtandao haukati. Sikusikii. Nasikia kwamba unaongea, nasikia kupanda na kushuka kwa sauti yako, lakini maneno yanafika kama yamepita kwenye pumba. Nimefanya hivyo karibu miaka miwili. Mama yako anajua sasa, amejua wiki hii, na amekasirika kwa haki yake.

Ni ile kazi ya mbao Mufindi. Miaka 19 kwenye mashine ya kuranda na msumeno wa mviringo. Tulikuwa tunaziba masikio kwa pamba tuliyochomoa kwenye mito, na siku pamba ikikosekana tunaingia hivyo hivyo. Msimamizi alituambia mtazoea, na kweli tulizoea. Baada ya miezi michache kelele ile haikutusumbua tena, tukadhani tumekomaa. Kumbe kule kuzoea ndiko kulikokuwa kuharibika kwenyewe.

Mwezi wa tatu nilikwenda kupimwa mjini. Binti mmoja mpole aliniingiza kwenye kachumba kadogo kenye kuta laini, akanivika hedifoni, akanipa kitufe, akaniambia kila nikisikia mlio nibonyeze. Nikakaa na kitufe changu mkononi. Nikasubiri. Nikaona anachelewa, nikamgongea kile kioo kumuuliza kama mashine ina hitilafu. Akanionyesha kwa mkono kwamba ameshaanza kitambo, tuko katikati.

Akanieleza vizuri sana, sikumbuki kama nimewahi kuelezwa kitu vizuri namna ile na mtu wa umri wako. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, hivyo ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye mishipa ya fahamu. Kelele kubwa inavilaza. Ikizidi, vinakufa, na vikifa havioti tena, tofauti na nywele hizi za kichwani. Na vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti za juu. Ndiyo maana ngoma naisikia, lori nalisikia, na ndege wa asubuhi walishaondoka bila mimi kujua siku waliyoondoka.

Ndiyo maana niliiacha kwaya pia. Kanisani nilisema umri, wakanipa shati la kitenge na makofi. Ukweli ni kwamba siku ya Matawi sauti ya kwanza walikuwa wameshuka karibu nusu nota na mimi nimesimama mbele yao nawapungia mkono waendelee, natabasamu. Nilimwona mchungaji ameinamisha uso. Nikatazama kwaya, nikaona watu wa tena na wa besi wananitazama kama watu wanaosubiri baba yao aamke. Sikuisikia, mwanangu. Nilifundisha sauti nne miaka 27, na nilikuwa nikisikia mtu mmoja akikosea katika watu 40, nikamjua na jina.

Kwa hiyo nikikuandikia habari ya masikio usidhani ni maneno ya wazee. Yule binti alinipa karatasi, ipo hapa mbele yangu. Inasema Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza mpaka masaa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni masaa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa wiki nzima, siyo kwa siku. Simu ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kupita 100. Na vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako kwenye hatari hiyo kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Wewe sasa kazi yako ni hiyo, kutwa nzima hedifoni zipo kichwani. Ukitoka kazini unavaa nyingine kwenye daladala. Hesabu mwenyewe. Mimi nimejaribu kukuhesabia nikaacha, namba ilinitisha.

Tena kwenye daladala ndiko kubaya zaidi, kwa sababu injini inanguruma na kondakta anapiga kelele, kwa hiyo mtu anaongeza sauti ili wimbo uishinde injini. Nilikuona ukifanya hivyo tulipokuwa tunatoka stendi ya Mbezi, Dar, mwaka juzi. Niliusikia wimbo wako mimi niliyekaa pembeni, na sikio langu hili.

Sasa usije ukaelewa kwamba nauchukia muziki wenyewe. Huko nyuma niliuchukia, ndiyo, nisiseme uongo. Ya kinanda sitayarudia. Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwepo, kwaya nzima ilikuwepo. Nilichokisema mbele ya watu nilikisema nikidhani nalilinda kanisa. Nitakuambia tu kwamba ule wimbo uliokuwa unaupiga kabla ya ibada nimeutafuta. Kijana wa duka la simu amenipatia, nilimwimbia kipande nilichokikumbuka naye akamwimbia rafiki yake, mpaka ukapatikana. Ni wa Mjapani, mtunzi wa muziki wa magemu, Nobuo Uematsu. Kijana akanisomea kwamba huyu mtu alijifundisha muziki mwenyewe. Nimeusikiliza kwa siku nyingi. Besi inatembea kwa heshima, sauti ya pili haigongani na mtu. Ungeuleta kwangu umeandikwa kwa solfa, na maneno ya zaburi juu yake, ningeuimbisha siku ya mavuno na kukusifu mbele ya watu wale wale.

Na yale uliyonieleza Krismasi, ulipokuwa unadhani nasinzia, niliyashika. Kwamba Famicom, ile mashine ya zamani ya Nintendo ya kuchezea magemu, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za kuimba, moja ya besi, moja ya mvumo kama wa mvua kwenye bati, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Na kwa njia hizo Koji Kondo akatunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, ambao watoto waliozaliwa miaka 30 baadaye wanauimba. Kitu hicho nakielewa kuliko unavyodhani. Ni kama kwaya ya mtaa msimu wa kulima: umebaki na watu wachache, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake, kila sauti inabidi ifanye kazi yake yote.

Lakini kilichonikaa zaidi ni ile habari ya wimbo usio na mwisho. Kwamba mtunzi wa gemu hajui mchezaji atakaa mahali pale dakika 2 au masaa 2, hivyo anaushona mwisho wa wimbo kwenye mwanzo wake mshono usionekane. Adui akitokea ngoma zinaingia, akiondoka zinatoka, na mchezaji hata hajui kama anasindikizwa. Wewe ulinieleza kama jambo jipya la Wajapani. Mwanangu, mpiga ngoma wa kwetu haitazami ngoma yake. Anatazama miguu ya anayecheza. Mchezaji akichoka anamshusha taratibu, akichangamka anampandisha, na wimbo wenyewe ni mistari miwili inayozunguka mpaka kuku wawike. Bibi yako alikuwa akibembeleza mtoto kwa maneno manne tu, yanazunguka, yanazunguka, mpaka macho yafumbe. Hayo unayokwenda kulipwa Nairobi yalikuwepo jikoni kwetu. Ukikaa na wakubwa wako wa kazi usione haya kuwaambia.

Ile Baba Yetu nayo. Uliponiambia kuna Sala ya Bwana kwa Kiswahili ndani ya gemu nilikukatalia, nikasema ni dhihaka. Nimeomba radhi kwa Mungu kwa neno hilo kwa sababu sikuwa nimeusikia. Sasa naujua kuliko wewe. Mmarekani Christopher Tin aliutungia gemu linaloitwa Civilization IV, mwaka 2005, na Februari 2011 ukapewa tuzo ya Grammy, mara ya kwanza muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Kama mwalimu wa kwaya nina la kusema: maneno yamekatwa kufuata mapigo, mahali fulani wanaimba "mbinguni yetu", na Mswahili hasemi hivyo. Angeuliza hata mwanakwaya mmoja wa Iringa angesahihishiwa bure. Lakini kiongozi anapoinua na kwaya ikamjibu, pale mtu unakaa vizuri kwenye kiti. Sauti za kiume nazisikia zote. Za juu nazikisia, kwa kuwa najua zinatakiwa ziende wapi.

Wanapofika "utusamehe makosa yetu" huwa nasimamisha simu kidogo, halafu naendelea.

Redio ya nyumbani nilikukataza, na darasa la sita ukaenda stendi ukanunua hedifoni za shilingi elfu tatu kwa hela ya daftari. Nilikuchapa kwa ajili ya daftari. Najua hedifoni zilianzia wapi, na wewe unajua. Ndiyo sababu naona uzito kukuamuru uzitoe, na ndiyo sababu nakuomba.

Sasa ya mkataba. Usome wote, hata maandishi madogo. Angalia wimbo ukishautunga unakuwa wa nani, wako au wa kampuni, na kampuni ikifa unakwenda wapi. Kama hujaelewa usione aibu kumtafuta mwanasheria, hela yake nitasaidia kuitafuta. Usikopeshe mtu mwezi wa kwanza. Tafuta kanisa karibu na unapolala, siyo karibu na kazini. Sweta lile la kijani beba, Nairobi nayo ina baridi mwezi wa saba. Mama yako anasema beba mawili.

Hela uliyotuma tumenunua bati 6 na misumari, tumeezeka upande wa jikoni uliokuwa unavuja, fundi bado anadai elfu ishirini. Mahindi ya bondeni yamekubali, ya juu yamedumaa kwa sababu mbolea ya kukuzia ilichelewa, tuliipata mahindi yameshatoa mbelewele. Maharage madebe 7. Yule mbuzi wa shangazi amezaa mapacha. Mdogo wako hesabu bado, Kiingereza amepanda. Jiko la mkaa nililokuambia limepasuka, usinunue jingine Dar, nitachukua hapa hapa. Na kuku walipata kideri mwezi uliopita, wakafa 11, hivyo ilibidi banda lote tulisafishe kwa chokaa na kutoa kila kitu nje.

Ndipo nikakitoa kile kihori.

Unakikumbuka, kile kirefu cha mti mgumu, ulichoniuliza ukiwa mdogo mbona kina meno huku na huku. Nikakujibu ni panya. Hawakuwa panya. Nilikisugua kwa maji moto na majivu, pumba na mavi ya miaka yote yakatoka, na meno yakaonekana vizuri: mikato 7 upande huu, 7 upande ule, na kila mmoja umelainika ndani kwa kupitishwa uzi. Lile ni ligombo. Ni ligombo la babu yako. Uzi mmoja mrefu wa kano ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya lile tumbo la mti, naye analilaza mapajani na kuimba polepole, habari za chifu Mkwawa na vita vya Lugalo na watu waliokimbilia porini, na nyingine za majirani zake aliokuwa na ugomvi nao. Alilipiga vilabuni, penye ulanzi. Alipofariki mimi nilikuwa nimeshapewa kwaya, na niliona mwalimu wa kwaya hawezi kutundika kitu cha kilabuni sebuleni kwake. Sikulichoma. Nililiweka nyuma ya nyumba, na kuku walipokosa pa kulia nikalisogeza bandani. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, asije mtu mwingine akalaumiwa.

Kwa hiyo Krismasi, uliponivika zile hedifoni zako kubwa bila kuniambia ni nini, hukujua unanifanyia nini. Au ulijua. Ulisema ni mzungu anaitwa Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akirekodi ngoma na nyimbo, akarekodi na Wahehe, na kwamba kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki ya chuo kikuu. Sikuwa nakusikiliza. Nilikuwa nasikia kano zinagongwa na ukucha, ule mkwaruzo mdogo kabla ya sauti yenyewe kutoka, na mzee anaimba Kihehe cha zamani, Kihehe ambacho sijaambiwa tangu baba yangu afe. Sikumfahamu yule mzee. Lakini pumzi aliyokuwa anaivuta kati ya mstari na mstari ni ile ile.

Nikakuambia ongeza sauti. Ukaongeza. Nikakuambia ongeza tena. Ukaongeza mpaka ikafika mwisho, ukanionyesha kwenye kioo cha simu kwamba hakuna tena pa kuongeza, na ukaniangalia. Hukusema kitu, ulimwomba mama yako chai. Nadhani siku ile ulijua habari ya masikio yangu kabla mimi sijakubali. Mwezi wa tatu nilipokwenda kupimwa nilikwenda kwa sababu ya lile jicho lako.

Kwa hiyo siwezi kuzitukana hedifoni moja kwa moja. Nimemsikia mtu wa kizazi cha baba yangu kwa hizo hizo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi, mlango umefungwa, hakuna lori linalokuja. Zivae ukiwa umekaa. Zivae kwa sauti ya chini, wewe una masikio mazima, sauti ya chini inakutosha. Ukimaliza saa nzima zivue, yaache masikio yapumzike, sikiliza hata mvua.

Ligombo nimelianika kivulini, lisipasuke. Lina ufa mmoja mdogo upande wa chini, fundi wa viti anasema utazibika kwa gundi na unga wa mbao. Mama yako amewanunulia kuku sinia la plastiki. Kano nimeagiza kwa muuza nyama wa Kalenga, ameniambia nisubiri, siku hizi watu wote wanataka kuzitupa pamoja na mifupa. Zikipatikana nitazisokota mwenyewe, naona bado mikono inakumbuka, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa namsaidia baba. Kufunga nitafunga. Kulinganisha nyuzi ndiko nitakakokwama, zile tatu za juu sitazisikia. Ukija likizo utakaa upande ule wa dirishani, mimi nitavuta, wewe utaniambia bado au tayari.

Halafu ukitaka kulirekodi kwa ajili ya magemu yako, rekodi. Sitasema kitu. Ila jina la babu yako liandikwe mahali.

Mzigo nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule mrefu mwenye kovu, mama yako amemwandikia namba yako kwenye mkono. Ni maharage debe moja, njegere kavu kidogo, unga wa ulezi, na lile sweta la pili. Barua hii ipo ndani ya mfuko wa unga, imefungwa kwenye nailoni. Watafika Mbezi kama saa kumi jioni. Kabla hujaondoka Dar nenda kamuage mama mdogo Kimara, usiondoke kimya kama ulivyoondoka hapa Januari.

Na ukifika Nairobi usinipigie. Andika ujumbe, mimi nitausoma. Jumapili mpigie mama yako, nitakaa karibu yake atakuwa ananieleza.

Pale Mbezi kuna magari yanaingia stendi na mengine yanatoka, na ile barabara ya Morogoro ina njia nyingi. Ukienda kuchukua mzigo, ukishuka tu kwenye daladala, zitoe masikioni. Zishike mkononi mpaka umeshavuka.

Baba yako